Mzee Aliyeliazima Zimwi Sauti

Kicheko kilizidi kimoja. Mzee aliyelitolea sauti zimwi la katuni alicheka mara mbili tu, kama maandishi yalivyotaka, lakini fundi mitambo aliporudisha rekodi nyuma kilisikika cha tatu, cha chini, kama cha mtu aliyefumba mdomo.

"Mzee, hapa umeongeza chumvi?"

"Mimi? Si nilikuwa nakunywa maji!"

Wakakifuta. Waliposikiliza tena, kipo. Na chumba kile kidogo chenye sponji ukutani kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Miaka thelathini mzee aliigiza wabaya wa hadithi: majitu yanayokula watoto, malkia wachawi, fisi walaghai. Kazi ikiisha aliwavua kama koti. Huyu hakuvulika. Mzee aliagiza chai, ikatoka sauti ya zimwi. Akaomba radhi, ikatoka ile ile.

Nyumbani ndiko kulikouma. Mkewe alikuwa amepofuka kwa maradhi, na tangu hapo alimjua mumewe kwa sauti. Mchana huo mzee aliingia, akamsalimu, na bibi akarudi kinyumenyume akipapasa ukuta, akaangusha sufuria, akajibanza pembeni mwa kabati akinong'ona, "Mume wangu anakuja sasa hivi, usinidhuru, chukua unachotaka uende zako," naye mzee akihangaika kumwambia ni mimi, mke wangu, ni mimi, na kila alivyozidi kusema ndivyo sauti ilivyozidi kunguruma na harufu ya nywele kujaa jikoni, mpaka akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akatoka nje, akalia kimya kimya.

Mganga aliyemwendea aliweka sikio kifuani pake.

"Ni jini, na limeshahamia," alisema taratibu. "Uliliazima sauti, likaifanya nyumba. Kulitoa nitalitoa, ila litaondoka na sauti yako."

Mzee hakuthubutu kusema. Alichukua kalamu, akaandika: *Mke wangu ataacha kuogopa?*

"Ataacha."

Mzee akainamisha kichwa, akakubali.

Alifukizwa, akasomewa, akatetemeka hadi kitu kikamtoka kooni taratibu, kama kamba inayovutwa kisimani.

Aliporudi, mkewe aliupapasa mkono wake kidole kwa kidole. Uso wake ukalegea.

"Ni wewe. Ulikuwa wapi? Alikuja mtu hapa, nusura nife kwa hofu." Akasubiri. "Mbona husemi? Niite basi. Mara moja tu."

Mzee alifungua mdomo. Ikatoka pumzi.

Nyumba ya pili watoto walikuwa wamewasha televisheni, wanatazama sehemu za mwanzo za katuni ile. Zimwi likacheka, likanyamaza. Kisha, kutoka ng'ambo ya ukuta, likaita kwa sauti laini ya mzee mwenyewe, likataja jina la mahaba ambalo mzee hakuwahi kulitamka nje ya chumba chao.

Bibi akauachia ule mkono.

"Abee, mume wangu," akaitika, akaugeukia ukuta.