Profesa Aliyesema "Sijui"

Kila Jumatano baada ya masomo, Bogna Sikora na wenzake wa gazeti la shule walikutana katika chumba kilichokuwa juu ya jiko. Harufu ya supu ya kabichi ilipanda hadi kwao, na nje ukungu wa mto Wisła uliufunika mji wa Toruń, hata minara ikaonekana kama inaelea. Bogna, msichana wa miaka kumi na miwili, aliipenda sana saa hiyo. Ilikuwa kana kwamba mji mzima unaota ndoto moja.

Wiki ile alikuwa amepewa ukurasa wa kwanza, baada ya kuuomba muhula mzima. Alitakiwa kumhoji Profesa Bronisława Wilk, mwanahisabati aliyesifika kwa utafiti wake wa mafundo.

Profesa alimkaribisha nyumbani kwake kwa chai ya moto na keki ya asali. Bogna aliwasha simu ili kurekodi. Profesa akachukua uzi uliosokotana, ambao ncha zake zilikuwa zimeunganishwa.

"Haya, binti. Hili ni fundo kweli, au uzi umejisokota tu?"

Bogna alivuta huku, akalegeza kule. Mara uzi wote ukafunguka, ukawa duara.

"Kumbe halikuwa fundo!"

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Nataka kujua kabla ya kuvuta."

"Je, Profesa, ipo njia ya haraka ya kujua, kwa uzi wowote ule?"

Profesa alinyamaza. Aligeukia dirishani, akautazama ukungu ukipita taratibu juu ya mapaa. Mvuke wa chai ulipanda, ukapotea. Bogna alihisi kama chumba kimeng'oka na kuanza kuelea juu ya mto, wao wawili ndani yake. Alidhani mama huyu mzee amesinzia.

"Sijui," Profesa alisema hatimaye, kwa upole.

"Hujui, Profesa?"

"Sijui. Hakuna anayejua bado. Ndiyo maana naamka asubuhi."

Kesho yake Bogna alimsikilizisha Ksawery, mchoraji wa gazeti, yale aliyorekodi. Ksawery alicheka hadi makombo ya mkate yakamruka kutoka mdomoni.

"Profesa gani huyo hajui? Hata mimi naweza kutojua, tena bure! Weka hiyo ukurasa wa kwanza uone shule nzima itakavyokucheka."

Maneno hayo yalimchoma Bogna. Jioni alilifuta lile "sijui," akaandika: "Naam, njia ipo, na hivi karibuni nitaitangaza kwa ulimwengu." Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti. Ilipendeza kweli!

Lakini katika gazeti lao mahojiano hayakuchapishwa kabla aliyehojiwa hajayasoma na kuyakubali. Mwalimu Halszka, msimamizi wa gazeti, alikuwa mkali kuhusu jambo hilo: bila sahihi, hakuna ukurasa. Ijumaa Bogna alirudi kwa Profesa, akiomba moyoni asome harakaharaka na kutia sahihi.

Profesa alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kidole kikasimama.

"Haya nimeyasema mimi?"

"Labda... labda umesahau, Profesa."

"Labda." Profesa alivua miwani. "Basi wenzangu wakiniambia, 'Bronisława, tuonyeshe njia hiyo,' nitawaonyesha nini?"

Bogna alitazama sakafu.

"Nilitunga," alisema. "Niliogopa watakucheka. Hapana... niliogopa watanicheka mimi."

Profesa hakumkaripia. Alimsogezea kiti na kalamu.

"Kaa uandike upya. Huyu uliyemwandika simfahamu, siwezi kumtilia sahihi."

Bogna aliandika. Aliandika hata ule ukimya, na dirisha, na ukungu uliokuwa ukipita. Profesa alisoma tena, akatabasamu, akatia sahihi.

"Sasa huyu ndiye mimi."

Jumatatu gazeti lilipotoka, wapo waliocheka. Ila wengi walisimama mbele ya ukurasa ule wakauliza, "Kwa hiyo kuna mambo hata maprofesa hawayajui? Nani atayagundua?"

Darasani Bogna alisimama mwenyewe na kueleza alichokuwa amefanya. Mwalimu Halszka akasema, "Maneno ya mtu ni mali yake, watoto. Ukiyabadilisha, umemwibia, hata kama umempamba. Na msomaji naye umemnyima swali ambalo pengine angelijibu yeye."

Ksawery akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi kwenye mtihani wa kesho nikiandika 'sijui' nitapata alama?"

Darasa zima likaangua kicheko, Mwalimu akiwemo.

"Profesa ametafuta maisha yake yote, Ksawery, ndipo akasema hajui. Wewe hata kitabu hujafungua. Kifungue kwanza!"