Kitanda cha Vigae

Mama Vigae aliufunga mlango wake. Akaufungua. Akaufunga tena. Hakuwa na sababu. Mtu aliyelala nje ya soko hadi mbavu zikaota sugu ana haki ya kuchezea mlango wake.

Mara kaka yake akaja mbio. Walimwita Kobe, maana siku zile za kulala nje nyumba yake aliibeba mgongoni.

"Dada! Meneja wa ukumbi katuibia kitanda!"

Kitanda chenyewe hakilaliwi. Ni picha kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa. Mama Vigae, Kobe na wenzao waliowahi kulala nje walikitengeneza kwa vipande vya sahani na vikombe vilivyovunjika. Mlalaji kajifunika shuka la bluu, miguu iko nje. Watu wote waliicheka miguu ile.

Walipofika, walikuta kibao kipya chini yake: KAZI YA MENEJA WA UKUMBI.

"Wazo ni langu," alisema meneja. "Niliota."

"Uliota kitanda ukiwa kitandani!" Mama Vigae alifoka. "Sisi tulikiota juu ya maboksi!"

"Majina yenu yako wapi hapo?"

Hayakuwapo. Anayelala nje huamka mapema, hukunja maboksi, hufagia. Haachi alama, mlinzi asije akamfukuza kesho. Basi hata siku ile kazi ilipokwisha, walifagia ukumbi, wakaondoka kimya. Hakuna aliyekumbuka kuandika jina.

Mama Vigae alirudi nyumbani kuchukua nyundo akakibomoe kitanda. Alipotoka nayo, mlangoni akazuiwa na jirani, Shangazi Sheria, anayefanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Kobe alikuwa ameshamsimulia yote.

"Hasira hasara, mwenzangu."

"Hasara ni ile iliyo ukutani! Nipishe!"

"Ukikibomoa, umemsaidia mwizi kufuta ushahidi. Nisikilize. Ukuta ni wa ukumbi. Lakini picha ni ya walioibuni na kuitengeneza. Kukosa jina hakuiondoi haki yenu. Kunaifanya tu iwe ngumu kuithibitisha. Mngeandika majina, mngepiga picha mkiwa kazini, mngekubaliana na meneja mbele ya mashahidi kabla ya kuanza..."

"Mngefanya hivi, mngefanya vile! Sasa tufanyeje?"

"Mna kitu gani kinachoonyesha kazi ni yenu?"

Mama Vigae akageuka. Binti yake, Kidosho, alikuwa anachota sabuni ya unga kwa nusu ya kikombe cha bluu. Kikombe hicho kilivunjika siku mwenye nyumba alipowatupia vyombo nje. Nusu moja ilibaki. Nusu nyingine iko kwenye shuka la mlalaji.

"Kidosho, mwanangu, mwaga hiyo sabuni!"

Jioni Shangazi Sheria aliwaita wakazi ukumbini, meneja akiwepo. Mama Vigae akapanda kwenye kiti. Akakiweka kipande chake kando ya kile cha ukutani. Ufa ukakutana na ufa. Ua la kikombe lililokatika katikati likawa ua zima.

Kobe naye akatoa nusu ya sahani. Ikakaa sawa, pale pale kwenye kidole gumba cha mlalaji.

"Meneja," akasema Kobe, "na wewe lete nusu yako."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Meneja akainamisha kichwa.

"Basi, samahani. Yaishe."

"Hayaishi!" alisema Mama Vigae. "Tulifukuzwa barazani, tukanyamaza. Sasa tufukuzwe na kwenye kazi yetu? Ng'oa kibao!"

Meneja aling'oa kibao kwa mkono wake, watu wakimtazama.

Kesho yake waliandika majina yao yote kwa vigae, chini ya kitanda. Shangazi Sheria aliwapiga picha wakiwa kazini. Walipomaliza, vumbi la saruji lilikuwa limetapakaa sakafuni. Kwa mazoea, Kobe akachukua ufagio.

Mama Vigae akampokonya.

"Acha! Safari hii wajue tulikuwa hapa."

Akampa meneja, aliyesimama pembeni, ule ufagio, akaenda zake nyumbani kufunga mlango.