Matundu ya Mkanda wa Babu

Kila akitoka shule, Mdadisi alipitia kibandani kwa babu yake, fundi wa mikanda na mikoba ya ngozi. Jina hilo alibandikwa na babu mwenyewe, maana mtoto huyo haishiwi maswali. Kazi yake ilikuwa kupaka nyuzi nta na kuokota vipande vya ngozi, na ujira wake ulikuwa kujibiwa.

Siku hiyo babu alivua mkanda wake mwenyewe, akaulaza juu ya gogo, akatoboa tundu jipya kwa nyundo na chuma. Mdadisi akayahesabu matundu.

"Babu, hili ni la tatu tangu tufungue shule. Kwa nini?"

"Ngozi inalegea."

"Si huwa unawaambia wateja ngozi yako hailegei hata miaka kumi?"

Babu akacheka. Akashusha sauti. "Nikienda haja kubwa naona damu kidogo. Ni bawasiri tu, nanunua dawa dukani. Usimwambie mama yako, atanipigia kelele."

Jioni ile Mdadisi alikaa kula na mama yake. Kutoa siri ya babu kulimuuma, lakini hofu ya kumpoteza ilimzidi nguvu. Akamweleza mama yote, pamoja na hesabu ya matundu. Mama aliweka kijiko chini. Kesho yake wote watatu walikwenda hospitali, babu amenuna njia nzima.

Baada ya vipimo vya kwanza, daktari alipitisha mpira mwembamba wenye kamera ndani ya utumbo mpana wa babu, akauona uvimbe na kuchukua kipande kikapimwe. Wiki iliyofuata majibu yalitoka: saratani ya utumbo mpana. Mdadisi alilia, akajifuta kwa mkono wa sare, kisha maswali yakamtoka yenyewe.

"Imetoka wapi? Inaambukiza?"

"Haiambukizi," daktari alisema. "Mara nyingi huanza na kijivimbe kisichouma, kikakua kwa miaka. Hatari huongezeka na umri, au kama ndugu wa karibu aliwahi kuugua. Sigara, pombe, nyama nyingi na mboga chache navyo huchangia."

Babu alitazama dari. Pakiti ya sigara ilikuwa ikichungulia mfukoni mwa shati lake.

"Na mtamtibu vipi?"

"Bahati nzuri haijasambaa. Tutakata sehemu yenye uvimbe, tushone ncha mbili pamoja. Kisha tutaona kama atahitaji dawa za kuua chembe za saratani zitakazobaki."

"Kumbe ni kama kuunga mkanda," babu akasema taratibu. "Mshono uwe imara tu, daktari."

Miezi minane baadaye babu alikuwa kibandani tena, bila sigara, mkanda umefungwa kwenye tundu lake la zamani. Mdadisi alimuuliza kwa nini hakuyaziba yale matatu.

"Nayaacha yanikumbushe. Kila nilipokonda nilitoboa, badala ya kuuliza sababu. Mtu akiona damu, au mwili unabadilika, asione haya wala asijitibu kwa kubahatisha. Aseme, akapimwe mapema. Mimi nipo hapa kwa sababu wewe hukunyamaza."

Mdadisi aliendelea kupaka uzi nta. "Daktari alisema ndugu wa karibu. Mama ni binti yako. Yeye atapimwa lini?"

Babu aliweka nyundo chini. "Funga kibanda," akasema. "Twende tukamuulize."