Uso wa Nabalayo Ndani ya Pakiti

Nabalayo alikuwa amekaa nyuma ya kimeza chake cha sigara, mbele ya duka la Khadija pale stendi ya Mbale, gauni la maua limembana kiuno, aliposimama kijana mwenye shati jeupe na kucha nyeusi. Akanunua pakiti, akatoa ile picha ya mchezaji wa mpira inayowekwa ndani, kisha akamrudishia sigara zote.

"We kaka, huvuti?"

"Sivuti, natazama kazi yangu. Hebu ona, nyekundu imepanda juu ya mdomo wa golikipa. Utadhani kajipodoa!"

"Basi ni mzuri kukushinda," Nabalayo akamjibu, akacheka mpaka akaona haya.

Ndivyo Makokha alivyomwingia moyoni. Alikuwa Mkenya, mtu wa Bungoma, fundi wa kupiga chapa huko Jinja. Akawa anakuja kila Jumamosi, na katikati ya wiki simu ya Khadija inalia.

"Umepika nini, mpenzi?"

"Nitapikaje nami nakuwaza wewe? Unanilaza njaa, bwana."

Alimweleza jinsi picha zile zinavyotoka. Karatasi moja kubwa hubeba wachezaji wengi. Hupita mashinini kwa manjano, ikauke, irudi kwa nyekundu, kisha bluu, mwisho nyeusi, ndipo ikatwe vipande. Ila kona moja mashine huishika kwa meno ikakunjika, kwa hiyo huachwa tupu na kutupwa.

"Kwenye bamba la chapa, kona hiyo nimekuchora wewe," akamnong'oneza simuni. "Hakuna atakayekuona ila mimi."

Jamani, mapenzi! Mwaka ule wa sabini na sita karatasi iliadimika, na Jumamosi moja bosi akaamuru kisitupwe hata kipande. Wakataji wakakata mpaka kona, nazo zikaingia pakitini. Na Makokha alikuwa wapi? Alikuwa Mbale, anamshikia Nabalayo mwavuli.

Baada ya siku chache askari akafungua pakiti palepale mezani. "Hii si ni wewe?"

Mji ukachachamaa. Kwa kuwa kila karatasi ilikuwa na Nabalayo mmoja tu, wanaume walinunua sigara kumtafuta yeye. Afande Adrisi, mkubwa wa kambi ya jeshi, akatangaza kwamba mwanamke huyo anamtaka, na atakayempata ampeleke; hapohapo Khadija akamficha Nabalayo nyuma ya duka.

"Umeniuza, Makokha!" Nabalayo alilia kwenye simu. "Uso wangu uko mifukoni mwa wanajeshi!" Akakata.

Makokha akaja mbio. Alipiga magoti nyuma ya duka, kati ya magunia ya chumvi, akamweleza habari ya bosi na ile kona. Nabalayo alitaka kuendelea kukasirika, akashindwa. Jumamosi ile alikuwa naye, aliijua vizuri.

"Twende kwetu, kipenzi. Wakenya tunasakwa siku hizi, tangu serikali ya hapa igombane na Kenya, na wewe unasakwa. Mama atakupokea. Nikuoe."

"Nioe," alisema Nabalayo.

Khadija akamfunika kwa buibui lake. Cleophas, dereva wa lori la kwenda Malaba mpakani, akawapakia mbele. Walifika kwenye kizuizi cha askari barabarani jua likiwaka, na Nabalayo hakuwa na la kufanya ila kukaa.

"Wewe mama, funua uso!"

Akafunua. Askari akageuza bunduki. Kwenye kitako cha bunduki alikuwa ameibandika ile picha ya Nabalayo. Akaitazama, akamtazama.

"Shuka. Afande anataka wewe. Na huyu mwanaume ni nani yako?"

Makokha akafungua mdomo. Nabalayo alijua kwamba neno moja tu, "mchumba," lingemfanya mpenzi wake asifike mpakani.

"Simjui," akasema haraka. "Tumepewa lifti tu."

"Nabala..." Makokha alianza, Cleophas akamkanyaga mguu kwa nguvu. Askari akapiga bodi ya lori kwa kiganja. "Haya, enda!"

Lori likaondoka. Nabalayo aliona mkono wenye kucha nyeusi umeng'ang'ania dirisha, kisha akaona vumbi.

"Inafanana kabisa," askari alisema, amefurahi. "Nani alichora?"

"Sijui, afande."

Nabalayo aliinama kuitazama picha. Kona ilikuwa imekunjika pale mashine ilipouma. Lakini nyekundu ilikuwa imekaa sawasawa mdomoni, haikupanda hata kidogo.