Beki Aliyeogopa Kubutua

Kila jioni tukitoka darasani tunafanya mazoezi kwenye kiwanja cha shule yetu, huku Mamba. Kimechongwa ubavuni mwa mlima, na mpira ukitoka upande wa chini hausimami mpaka kwenye mashamba ya tangawizi bondeni. Sheria yetu ilikuwa moja: aliyeutoa, aufuate. Ndiyo maana Dorkas, beki wetu, alikuwa hodari wa kutuliza mpira. Kubutua, yaani kuupiga mbali kwa nguvu, hakuthubutu.

Kocha wetu, Mwalimu Eliufoo, naye alikuwa beki. Alianzia kiwanja hichohicho, akacheza ligi Tanga na Dar es Salaam mpaka goti likamkatalia. Tulimtania kwamba miaka yote hiyo hakufunga hata bao moja. Yeye alicheka tu.

Siku ya fainali ya kombe la shule tuliteremka Same mjini. Uwanja tambarare, jua kali! Kipindi cha kwanza, mshambuliaji wao, Yasmini, alimbana Dorkas karibu na goli letu.

"Butua!" tulipiga kelele.

Dorkas akautuliza. Yasmini akampokonya, akafunga.

Wakati wa mapumziko Dorkas alikuwa analia. "Mwalimu, nitoe. Nimewaponza wenzangu."

"Sikutoi. Ulikuwa unawaza nini pale?"

"Bonde," alinong'ona. "Niliona nitaufuata mpaka kwenye tangawizi."

Mwalimu aliangua kicheko. "Hata mimi, mechi yangu ya kwanza Tanga, nilifungisha hivyohivyo! Mwanangu, hapa hakuna bonde. Ukipata nafasi, tuliza. Ukibanwa, butua, hata uvuke barabara kuu. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa."

Kipindi cha pili Dorkas alituliza mpira, akampa mshambuliaji wetu, Blessing, pasi ndefu, tukasawazisha. Akampa nyingine, tukaongoza. Dakika za mwisho, shuti la Yasmini lilimpita kipa. Dorkas akauwahi mpira mstarini, akaubutua ukaruka uzio. Kisha, mazoea yana taabu, akaanza kuukimbilia!

"Rudi!" Mwalimu alimwita. "Wapo waokota mipira!"

Uwanja mzima ulicheka, na filimbi ya mwisho ikalia. Mabingwa! Tulimbeba Dorkas mabegani, kombe mikononi mwake.

Mazoezi yalipoanza tena Dorkas alibutua kwa furaha, mpira ukaporomoka bondeni. Akageuka kuufuata, lakini Mwalimu alimzuia.

"Sheria ile imekufa," alituambia. "Beki akibutua anatuokoa sote. Basi anayewabebea mzigo msimwache aubebe peke yake."

Tukashuka timu nzima, tukiimba, na Mwalimu na goti lake bovu akiwa mbele.