Mstari Mwekundu Juu ya Nati

Ilikuwa Jumanne, saa nane na robo mchana, wala si usiku wa manane kama wanavyodai watu ambao hawakuwapo. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya karakana, na rubani alisimama kando ya ndege yake kuukuu, akitafuna karanga.

Fundi alikuwa akikaza nati ya bomba la mafuta kwenye injini. Spana ikateleza. Alipoishika nati kwa plaisi, pembe zililika zote, nati ikabaki mviringo kama shanga. Nyuma ya injini, asikoona rubani, nyingine ilikuwa imelika vilevile. Ilibidi zipasuliwe kwa tindo, zifungwe mpya. Lakini rubani alikuwa kaka wa mkewe, na sifa za mikono ya fundi alikuwa akizitangaza kila mahali.

“Imekaza, shemeji?”

“Imekaza.”

“Nilijua. Ukipita mkono wako, hata jini hafungui.”

Fundi akacheka naye. Kisha akachovya brashi, akavuta juu ya kila nati ule mstari mwekundu ambao mafundi huuweka kuonyesha kwamba kazi imekaguliwa.

Jioni mkewe alimuuliza, “Nani kapaka rangi bawaba ya mlango?” Palinuka petroli. Fundi alipousukuma, mlango ulimbakia mkononi.

Asubuhi mstari ulikuwa kwenye mpini wa sufuria, na mpini ukachomoka maji yakiwa yanachemka. Na fundi alipoinama kuyafuta alisikia chumbani sauti aliyoijua, ya spana inayoteleza juu ya chuma, taratibu, mara kwa mara, kama ya mtu asiye na haraka, akaingia akamkuta mkewe ameketi kitandani ameushika utosi kwa mikono miwili, na mstari mbichi umeshuka kutoka tayani hadi begani.

“Mume wangu,” alinong'ona, “shingo yangu nyepesi.”

Jirani yao, bibi aliyepunga majini tangu ujana wake, alipoitwa alinusa hewa, akakirudisha chetezo kikapuni bila kukiwasha.

“Huyu hafukuzwi kwa moshi. Anaweka alama kama unavyoweka wewe. Nenda kaseme ulichokificha. Chote.”

Fundi alikwenda, akasema. Rubani hakumtukana, alimpa tindo tu, akageukia ukutani mpaka nati ilipopasuka na mpya ikafungwa.

“Ni hiyo tu, shemeji?”

Heri angemtukana. Fundi alitazama mgongo ule, akaikumbuka nati ya nyuma ya injini.

“Ni hiyo tu.”

Nyumbani alikuta shingo ya mkewe safi, na bibi akipewa shukrani. Ndiyo maana mtaani husemwa kwamba jini alitoka Jumatano hiyo. Hawakuwapo Alhamisi asubuhi, ndege ilipopita juu ya paa na petroli ikanuka tena uani.

“Kaka huyo,” mkewe alisema, akitabasamu.

Akageuza kichwa kuifuata ndege, na chini ya nywele, kisogoni, fundi akauona mstari wa pili ukimetameta. Naye mkewe akazidi kukigeuza kichwa, akazidi kukigeuza, mabega yakiwa yametulia.