Njia ya Korongoni

Njia zilikuwa tatu, na mshonaji ndiye aliyechagua ile mbaya.

Walikuwa wamesimama mapokezi ya hoteli, mizigo miguuni, yeye na Shangazi yake. Jana yake walikuwa wameuzunguka mji wa kale uliochongwa kwenye mwamba mpaka soli zikawaka moto. Sasa walitaka kufika kwenye ngome ya wafalme, upande wa pili wa milima. Shangazi alikuwa amefundisha historia ya ngome hiyo miaka thelathini na moja kwa ramani ya ukutani, bila kuitia machoni. Ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa keshokutwa.

"Ndege ndogo imeshaondoka," alisema mhudumu wa mapokezi. "Nyingine Alhamisi. Basi lipo, linazunguka milima yote, mwendo wa saa kumi na mbili. Au gari la kukodi, linapita korongoni. Saa tatu tu."

"Tupande basi," Shangazi alisema. "Nitalala."

Mshonaji akayatazama magoti ya Shangazi, yaliyovimba tangu juzi, akapiga hesabu ya siku. "Saa kumi na mbili kwenye kiti cha basi, Shangazi? Tutafika ngome imefungwa. Tukodi gari."

Shangazi alikubali shingo upande.

Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu, mcheshi, na gari lake lilikuwa kuukuu lakini lina nguvu. Njia ilikuwa mto mkavu, changarawe tupu, kuta za mawe mekundu zimepanda pande zote mbili mpaka anga likabaki utepe. Saa mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Shangazi alishusha kioo, akawa anaonyesha kila tabaka la jiwe kama mtu anayetambulisha ndugu zake.

Katikati ya saa ya tatu dereva akaacha mzaha. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Kuna nini?" mshonaji akauliza.

"Harufu ya udongo mbichi." Akatazama juu. Anga lilikuwa la buluu, halina hata wingu. "Mvua imenyesha huko milimani. Fungeni mikanda."

Akakanyaga mafuta. Ngurumo iliwajia kwa nyuma, ikipanda kutoka kwenye changarawe, ikiingia kwenye viti, ikiingia kwenye meno. Mshonaji aligeuka akaona ukuta wa kahawia ukikata kona, umebeba magogo na mawe, mbele yake upepo ukitimua vumbi. Maji yakalibeba gari kama ndoo tupu. Likazungushwa mara mbili, likagonga jabali kwa ubavu wa dereva, likabanwa hapo, maji yakiingia kwa madirisha.

"Juu!" dereva alipiga kelele. "Tokeni juu!"

Pembeni ya jabali palikuwa na kibaraza cha mawe, upana wa kitanda. Mshonaji alitoka kwa dirisha, akamvuta Shangazi kwa makwapa, akamtupa pale kama robota la kitambaa. Akarudi kwa dereva. Mlango ulikuwa umemponda mguu chini ya goti. Mshonaji alichomoa kimkasi chake cha kukatia nyuzi, ambacho hakikosi mkobani, akaanza kuukereza mkanda wa kiti uliomfunga. Ulikatika taratibu mno, uzi kwa uzi. Ulipoachia, walimvuta wawili, naye akauma kola ya shati lake asipige ukelele.

"Mikanda," mshonaji akasema, akihema. "Nirudi nichukue na mingine."

"Umepata wazimu?" Shangazi akasema.

"Hakuna kitambaa chenye nguvu kama kile, Shangazi."

Akarudi. Alipata mikanda mitatu, bakora ya kutembelea ya Shangazi na chupa mbili za maji kabla gari halijaanza kuguna. Alipokanyaga kibaraza, gari likajichomoa, likapinduka, likaenda zake.

Walinyoosha mguu wa dereva kwa bakora ya Shangazi, wakaufunga kwa mkanda. Iliyobaki mshonaji aliiunganisha kwa mafundo bapa, akaizungusha kwenye ncha ya jiwe, akawafunga wote watatu viunoni, ili atakayesinzia asianguke. Simu hazikushika mtandao. Usiku walikaa wamebanana.

Kulipokucha maji yalikuwa yameshuka kimo cha mtu, lakini bado yalikuwa yanakimbia. Chupa ya pili ilikuwa nusu. Mshonaji aliteka tope kwa ile tupu, akalichuja kwenye mtandio wa pamba uliokunjwa mara nane. Yalitoka maji ya rangi ya chai. Alimpa dereva kwanza.

"Vidole vya mguu unavisikia?" akamuuliza.

"Jana nilivisikia." Dereva alijaribu kutabasamu. "Dada, nikwambie ukweli. Tazama kule juu mto unakotoka."

Utepe wa anga upande ule ulikuwa mweusi kama sufuria.

"Gharika ya pili huwa kubwa kuliko ya kwanza," dereva akasema. "Hapa tulipokaa patafunikwa. Labda adhuhuri, labda kabla."

Mshonaji akainuka. Aliangalia chini, akaangalia juu. Ukuta ulipanda wima kama ghorofa kumi. Yeye ni mtu asiyepanda hata ngazi ya kubadilishia taa bila kushikiliwa. Akageuka kumwambia Shangazi, akamkuta amempa mgongo, pua karibu igusane na mwamba mwishoni mwa kibaraza, anapapasa.

"Shangazi?"

"Njoo hapa. Tia mkono."

Lilikuwa shimo la umbo la nusu mwezi, linatosha vidole vinne na ncha ya kiatu. Juu yake lingine, kidogo kulia. Juu ya hilo lingine, kidogo kushoto. Yalipanda hivyo, yamejificha kwenye kivuli cha mwamba, mpaka macho yakachoka.

"Yamechimbwa na maji," dereva akasema.

"Maji hayajui kushoto na kulia," Shangazi akamjibu. Sauti yake ilikuwa imepanda kama ya msichana. "Wafalme wale walijenga ngome juu ya jabali kavu. Walikunywa nini? Lazima walikuwa wakishuka kuteka. Mwanangu, ngome iko juu ya vichwa vyetu."

Mshonaji alielewa kilichofuata kabla hakijasemwa. Magoti ya Shangazi yasingepanda hata mashimo matatu. Dereva ndiyo hivyo tena.

"Siwezi," akasema.

"Vua viatu."

"Shangazi, mimi siwezi kitu cha juu. Unanijua."

"Nakujua. Vua viatu, vidole vinashika vizuri zaidi."

Akavua. Akapiga moyo konde, akatia vidole shimoni.

Sauti ya Shangazi ilimfuata kutoka chini, ile ile iliyonyamazisha madarasa ya watoto sitini. "Mguu wa kulia. Juu kidogo. Hapo. Sasa mkono. Usikumbatie ukuta, mwili uwe mbali kidogo. Nani kakwambia utazame chini? Tazama vidole vyako."

Alitazama vidole vyake. Vilikuwa vidole vya kazi, vyenye sugu za sindano, na vilishika. Jua lilimpiga mgongoni, jasho likaingia machoni. Njiwa aliruka kutoka kwenye shimo, mabawa yakampiga usoni, mkono wa kushoto ukachomoka. Alining'inia kwa mkono mmoja na vidole vya mguu mmoja, changarawe ikimwagika chini yake.

Chini walifunika nyuso changarawe isiwaingie machoni. Kisha Shangazi akasema, polepole, "Rudisha mkono. Hakuna haraka. Rudisha tu."

Akaurudisha. Kutoka hapo hofu ilimgeukia ikawa kitu kingine, kitu cha moto kilichompanda kifuani mpaka akataka kucheka. Alipanda kwa kasi. Mashimo yakaingia kwenye ufa, ufa ukawa vidaraja, akatambaa kwa magoti, akatokeza kichwa kwenye birika la kale lisilo na maji. Ukingoni kulikuwa na kizuizi cha chuma, na nyuma yake mlinzi akila mkate.

"Hapa haparuhusiwi wageni," mlinzi akasema.

"Kamba," mshonaji akasema. "Watu wawili wako chini. Maji yanakuja."

Mlinzi alimtazama miguu iliyochubuka, mikono yenye damu, kisha shimo alilotokea. Akautupa mkate, akakimbia.

Bahati yao, ngome ilikuwa ikikarabatiwa. Waashi walikuja na kamba za jukwaa, roda ya kuvutia mizigo, na ubao mrefu. Mwashi mkuu, mzee mkavu asiyepoteza maneno, alifunga roda kwenye nguzo, akachungulia ufa.

"Nani anaijua njia hii?"

Hakuna aliyeijua, isipokuwa mmoja. Mshonaji alijifunga kamba kiunoni mwenyewe, akakagua fundo mara mbili.

Kushuka kulikuwa kwepesi kuliko alivyofikiri. Alikuta maji yameshafika usawa wa kibaraza, yakilamba. Shangazi alikuwa amekipakata kichwa cha dereva, akimsimulia habari za mfalme aliyeua ndugu zake wanne.

"Umerudi," dereva akasema, kama asiyeamini.

"Inua mkono nipitishe kamba."

Walimlaza ubaoni, akavutwa. Maji yakawafika vifundoni. Ngurumo ikaanza kule nyuma, ile ile ya jana. Kamba ikateremshwa tena. Mshonaji alimfunga Shangazi kifuani na mapajani, akabana fundo.

"Na wewe?"

"Nitakuja nyuma yako. Nenda, Shangazi."

Akabaki peke yake, maji yakimvuta mashavu ya miguu, vidole vyake vikiwa shimoni tayari. Kamba iliposhuka mara ya tatu alijifunga huku akipanda. Ukuta wa kahawia ulipokata kona alikuwa juu yake kimo cha nyumba, akapigwa na upepo wake na matone tu. Kibaraza kikatoweka.

Juu walimvuta kwa makwapa. Dereva alikuwa anapandishwa garini kupelekwa hospitali, kofia yake kifuani. Daktari wa zahanati ya pale ngomeni alikuwa amebonyeza vidole vya mguu wake vikarudi rangi, kwa hiyo mguu ungepona. Shangazi alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji ndani ya ngome yake, amelowa, nywele zimemsimama, watalii wamemzunguka. Hakuwa akitazama kuta.

"Mangapi?" akamuuliza mshonaji.

"Mangapi nini?"

"Mashimo."

Mshonaji alifungua mdomo kusema hajui, akagundua kwamba anajua. Mikono yake ilikuwa imehesabu yenyewe, kama inavyohesabu tundu za vifungo.

"Arobaini na saba. La thelathini limelika."

"Miaka sita tuko hapa," mwashi mkuu akasema, akitikisa kichwa. "Hatujaliona hata moja."

Shangazi aliomba kalamu. Karatasi zake zote zilikuwa zimekwenda na gari, kwa hiyo akapandisha mkono wa gauni akaandika kwenye ngozi yake, nne, halafu saba. Alipomaliza saba hakuinua kalamu. Mshonaji alipiga magoti, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, nao wakakaa hivyo, wakilia bila kuona haya, mpaka mlinzi akaja na maji.